Kuku amejikunyata pembeni: umtibu, umsubiri au umchinje?

Kuku anayeumwa hujitahidi asionekane anaumwa. Ndani ya kundi mnyonge hudonolewa na kusukumwa mbali na chakula, na mnyama mwindaji naye huanza na huyohuyo. Kwa hiyo mgonjwa hujifanya anaparua, hudonoa bila kumeza, huwafuata wenzake huku na kule, mpaka nguvu za kuigiza zimwishie. Ile methali ya mficha maradhi kilio humuumbua ni kama ilitungiwa bandani. Siku unayomkuta amejikunyata, manyoya yamemsimama na macho yamefumba nusu, ugonjwa una siku kadhaa tayari. Muda wako wa kuamua ni siku moja au mbili, na wakati mwingine ni saa chache.

Wenye kuku wachache wa nyumbani hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza akiona mmoja kazubaa huchota unga wa antibayotiki uliobaki tangu mwaka jana, huutia kwenye maji ya kundi zima kwa kukisia, na kesho yake hubadilisha dawa kwa kuwa ya jana "haikufanya kazi". Wa pili huangalia tu, akisema kuku wa kienyeji hujiponya. Kwangu mimi wa kwanza ndiye anayeharibu zaidi. Anajenga usugu wa dawa, anaacha mabaki kwenye mayai ambayo familia italishwa, na anavuruga dalili kiasi kwamba hata daktari wa mifugo akifika hajui anachokitazama ni ugonjwa au ni dawa.

Kabla ya dawa yoyote kuna maswali matatu: anaumwa mmoja au wengi? Bado anakunywa maji? Na je, tatizo unalijua au unalikisia? Ukijibu hayo, kiasi cha kuingilia huanza kujipanga chenyewe.

Kabla ya kumshika

Simama nje ya banda dakika kumi bila kufanya lolote. Si kila aliyejitutumua ni mgonjwa. Tetea anayetaka kuatamia hukaa kwenye kiota kutwa, huvimbisha manyoya, huunguruma akikaribiwa, na akishuka hutoa kinyesi kikubwa chenye harufu ya kukata pua. Kuku anayenyonyoka manyoya naye hukaa peke yake, kilemba chake (upanga, wengine wasemavyo) hupauka, huacha kutaga kwa wiki 8 hadi 12, na hukimbia mkono wako kwa sababu manyoya machanga yana damu ndani na yakibanwa yanauma. Anayeachama mdomo na kutandaza mabawa saa ya jua kali anajipooza. Anayeachama alfajiri kukiwa na ubaridi ana tatizo la pumzi.

Kinyesi husema mengi ila husingiziwa pia. Cha kawaida kimeshikana, ni cha kahawia au kijivu, na kina kofia nyeupe juu. Katika kila vinyesi nane au kumi hutoka kimoja laini, chenye rangi ya chokoleti na kinachonuka sana. Hicho hutoka kwenye vile vifuko viwili vya utumbo visivyo na njia ya upande wa pili, wala si kuharisha. Vinyuzi vyembamba vyekundu mara mojamoja ni ngozi ya utumbo iliyojichubua. Damu yenyewe, mbichi au iliyoganda, ni jambo jingine. Kijani kibichi kwa kuku mmoja mara nyingi ni nyongo tupu: hajala. Kijani kwa watatu kwa mpigo, pamoja na kukoroma, ni habari nyingine kabisa, nayo inakuja hapa chini.

Mkono uone ambacho jicho limekosa

Mshike usiku akiwa amelala, kisha mshike tena asubuhi kabla hajala. Ni kwa sababu ya gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo upande wa kulia. Usiku huwa limejaa, na asubuhi linatakiwa kuwa tupu. Likiwa bado gumu kama unga uliokandwa, limeziba. Likiwa laini kama puto la maji, na mdomo unanuka chachu, limechacha. Bila kulishika mara mbili hutajua, maana gole lililojaa saa kumi jioni ni afya.

Pitisha vidole kwenye kidari. Mfupa ukichomoza kama ubao wa kisu, na nyama za pembeni zimezama, huyo amekuwa akikonda kwa wiki nyingi chini ya manyoya yake mazuri. Mpime kwa mizani ya jikoni na uandike. Uzito unaoshuka siku tatu mfululizo ni ushahidi bora kuliko "naona kama amepungua". Fungua mdomo utafute utando wa njano. Nusa pua. Geuza nyayo: kidonda chenye kigaga cheusi ni jipu la unyayo, na kuku mwenye hilo hukaa chini tu kama aliyepooza. Funua manyoya kuzunguka njia ya haja: chawa hukimbia ukiwafunulia mwanga, na mayai yao huwa meupe, yamegandamana kwenye shina la nyoya. Utitiri mwekundu hutamkuta mwilini mchana. Rudi usiku na tochi, pangusa upande wa chini wa fito za kulalia kwa karatasi nyeupe. Ikitoka na michirizi ya damu, umeshapata sababu ya vilemba kupauka na mayai kupungua.

Jambo moja usilihangaikie, nalo ni kumpima homa kwa kiganja. Joto la kawaida la kuku ni takriban nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, hivyo kwa mkono wa binadamu kila kuku ana homa.

Mmoja, au kundi?

Akiwa mmoja na wenzake wanakula kama kawaida, uwezekano mkubwa shida ni yake mwenyewe: yai limekwama, gole limeziba, ameumia, ana uvimbe tumboni, au ni uzee wa mji wa mayai, ambao kwa matetea watagaji waliopita miaka mitatu ni wa kawaida sana. Hapo nguvu zako zielekee kwake na kundi uliache.

Wakiwa wawili au zaidi ndani ya saa 48, chukulia ni ugonjwa wa kuambukiza mpaka uthibitishe vingine. Sasa unalitibu kundi, na kuku mmojammoja anakuwa jambo la pili. Hilo ni gumu kwa anayewaita kuku wake kwa majina, lakini ndilo linalookoa waliobaki.

Kuna hali ambapo kutibu ni kosa. Kuku wakifa ghafla kwa mfululizo, au wakiwa na vichwa vilivyovimba, vilemba vya rangi ya zambarau, kukoroma, kuharisha kijani, shingo kupinda, mayai kukata kwa siku moja au mbili, mambo mawili yanagombea nafasi ya kwanza: mdondo (kideri) na mafua makali ya ndege. Yote ni virusi, hayana dawa, na kwa macho tu hata mtaalamu hawezi kuyatenganisha kwa uhakika. Hapo piga simu kwa ofisi ya mifugo, funga banda, usiuze, usigawe, usichinje kwa ajili ya kula, usihamishe hata trei za mayai. Vaa glavu na barakoa kabla ya kugusa mizoga, kwa kuwa baadhi ya virusi vya mafua ya ndege huwapata watu. Mdondo hujificha mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili, hivyo walioonekana wazima leo si lazima wawe wazima. Na chanjo si tiba: kumdondoshea jichoni aliyekwisha kupinda shingo ni kupoteza tone.

Sanduku la mgonjwa

Sehemu hii haina msisimko wa sindano na dawa, lakini ndiyo inayoponya wengi. Chukua sanduku au kizimba chenye nafasi ya kama sentimita 60 kwa 60, mahali penye kimya na mwanga hafifu, mbali na kundi kiasi kwamba vumbi la mmoja halimfikii mwingine. Tandika karatasi au kitambaa cheupe badala ya maranda, ili uhesabu vinyesi na uone rangi yake. Weka joto la nyuzi 25 hadi 27 upande mmoja tu, kwa taa au chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, abaki na upande wa kukimbilia akizidiwa.

Fuata mpangilio huu: joto kwanza, maji pili, chakula mwisho. Utumbo wa kuku aliyepoa haufanyi kazi, na uji unaomlazimisha utalala goleni na kuchacha.

Pima maji. Weka mililita 300 asubuhi na uone kilichobaki jioni. Tetea mkubwa mwenye afya hunywa takriban mililita 200 hadi 250 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Kama anaharisha au alikuwa hanywi, tengeneza maji yaleyale ya chumvi na sukari wanayopewa watoto: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi hata kidogo, maana kuku huumizwa nayo upesi. Mpe kwa siku moja au mbili, na pembeni yake kuwe na maji matupu achague.

Asiyekunywa mwenyewe, mdondoshee tone moja pembeni mwa mdomo, subiri ameze, kisha jingine. Usimpulizie maji kwa bomba. Tundu la pumzi la kuku liko wazi kabisa nyuma ya shina la ulimi, na mililita mbili zilizosukumwa kwa haraka huingia kwenye mapafu. Wengi wanaosema "nilimpa dawa akafa palepale" walimzamisha. Aliyelegea hadi hamezi usimpe kitu mdomoni.

Chakula kiwe kilekile alichozoea, kilicholowekwa, na yai la kuchemsha lililopondwa kama kichocheo. Mhudumie yeye mwisho baada ya wazima, kwa viatu vingine, na unawe mikono kwa sabuni.

Mpe saa 24 hivyo kabla ya kitu kingine chochote, isipokuwa umeona tatizo linalojulikana na lisilosubiri.

Yasiyosubiri

Kuhara damu kwa vifaranga (koksidiosisi), kunakoletwa na vimelea vya utumbo, ni la kwanza. Hushika zaidi vyenye umri wa wiki 3 hadi 6: vinasinzia, mabawa yanaburuta, vinalia kwa unyonge, na kinyesi kina damu. Lakini aina nyingine za vimelea hivyo haziletei damu ya kuonekana, kwa hiyo kuisubiri ni kuchelewa. Hapa ndipo ninapovunja kanuni yangu ya kutotia dawa kwenye maji ya wote, kwa sababu wote wamedonoa maranda yaleyale. Dawa ni amproliamu. Kama unga wako ni wa asilimia 20, kipimo cha ugonjwa uliokolea ni gramu 1.2 kwa lita moja ya maji kwa siku 3 hadi 5, bila maji mengine pembeni, kisha gramu 0.3 kwa lita kwa wiki moja au mbili. Soma asilimia kwenye pakiti yako kwanza, na lebo ikisema tofauti ifuate lebo. Pima kwa mizani ndogo ya gramu, maana kijiko cha unga mwepesi na cha unga uliogandamana havilingani. Badilisha maji kila siku.

Halafu kuna kosa linalofanywa na wenye huruma: kuongeza vitamini za kundi B ndani ya maji hayohayo. Amproliamu inaua vimelea kwa kujifanya vitamini B1. Ukimimina B1 ya kweli juu yake umewalisha wadudu na kuipunguzia dawa makali. Vitamini zisubiri dawa imalizike. Na dawa bila kukausha banda ni kazi bure: mayai ya vimelea yakishatoka kwenye kinyesi huhitaji siku moja au mbili za unyevu na joto ndipo yaweze kuambukiza, na dawa ya madoa haiyaui. Ukavu ndio unaoyashinda. Ondoa maranda yaliyolowa, nyanyua chombo cha maji kifikie usawa wa mgongo wa kifaranga. Siku ya tatu ikipita bila nafuu, ujue haukuwa ugonjwa huo.

Yai lililokwama ni la pili. Tetea anasimama wima mkia ukiwa chini, unapanda na kushuka kama anayepampu. Anaingia na kutoka kiotani, anakamua bila kutoa kitu, hata kinyesi. Kwa kidole chenye glavu na mafuta utaligusa yai ndani ya sentimita chache tu. Maji ya uvuguvugu wa nyuzi 38 hadi 40, yafike tumboni, dakika 20, kisha umkaushe kabisa, umweke kwenye joto na giza, umpake mafuta kwenye njia ya haja na umpe kalisi ya maji ya mifugo kwa kipimo cha lebo, kwa kuwa misuli ya kusukuma yai haifanyi kazi bila kalisi. Rudia baada ya saa moja au mbili. Usilivunje ndani: vipande vya ganda hukata njia ya mayai na uchafu humwagika tumboni. Ikipita siku nzima bila yai kutoka, ni daktari au kisu, wala hakuna njia ya katikati yenye huruma. Angalizo moja: tumbo lililojaa na kutikisika kama maji, bila yai kwenye kidole, ni ugonjwa wa ndani wa muda mrefu, na kuoga hakutamsaidia.

Vidonda havitishi kama vinavyoonekana. Ngozi ya kuku huziba majeraha ambayo ungedhani ni mwisho. Osha kwa maji yaliyochemka na kupoa yenye chumvi, gramu 9 kwa lita, kisha povidoni ayodini iliyochanganywa na maji hadi ifanane na chai nyepesi. Kilicho muhimu zaidi ni kumtenga, kwani wenzake hudonoa chekundu chochote, na kumkinga na nzi, kwa kuwa funza huua haraka kuliko jeraha lenyewe.

Gole lililoziba: zuia chakula saa 12 hadi 24, mpe maji na mafuta ya kupikia mililita chache taratibu, likande kwa vidole mara kadhaa kwa siku. Usimgeuze kichwa chini ili atapike, hata kama umeona wengine wakifanya. Hapo napo uchafu huingia mapafuni.

Wadudu wa nje ni rahisi, ila watu hutibu mara moja tu. Dawa nyingi haziui mayai. Kwa chawa na utitiri rudia baada ya kama siku 7 hadi 10, na kwa utitiri mwekundu ipake zaidi kwenye nyufa za banda kuliko kwenye kuku, kwa sababu huko ndiko anakoishi. Kwa minyoo, jua unachokiua: piperazini huondoa minyoo mikubwa ya mviringo tu, haigusi tegu wala minyoo ile myembamba kama unywele.

Ya kuacha, na ya kukubali

Ndui ya ngozi, ile ya vigaga kwenye kilemba na ndevu, huisha yenyewe kwa takriban wiki 3 au 4. Usibandue vigaga, vimejaa virusi, na unafungua mlango kwa bakteria. Safisha macho yasizibe, maana kuku asiyeona hali, na kwa wengi kilichowaua ni njaa. Pambana na mbu. Ndui husambaa polepole, kwa hiyo ni moja ya magonjwa machache ambayo kuwachanja wazima katikati ya mlipuko kunasaidia. Ikiwa utando wa njano umeingia kooni, hiyo ni sura nyingine ya ugonjwa: anaweza kukabwa, na subira haimfai.

Mafua, yaani macho yenye povu, uso kuvimba, kamasi, kupiga chafya, ndiyo yanayosumbua zaidi uamuzi. Antibayotiki kama tailosini au oksitetrasaiklini, ikitolewa na anayejua, inaweza kukausha dalili. Haimwondolei kuku vijidudu. Aliyepona mafua ya kuvimba uso, au ule ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaoletwa na bakteria wa maikoplazma, hubaki mbebaji, na maikoplazma hupita hadi kwa kifaranga kupitia yai. Kwa hiyo swali la dawa gani linatanguliwa na jingine: uko tayari kuwa na kundi lililofungwa, ambalo hutoki nalo kuku wala yai la kuangua, wala huingizi mgeni, mpaka kuku wa mwisho afe? Kama ndiyo, tibu. Kama unauza vifaranga, kuwaondoa wote na kuanza upya baada ya kusafisha ndiyo njia ya uaminifu. Na ukitumia oksitetrasaiklini, ondoa magamba na chokaa kwenye chakula wakati wa dozi, kwa sababu kalisi huishika dawa tumboni isifyonzwe.

Nirudi kwenye dawa ya maji, kwa hesabu. Kipimo cha pakiti kimekadiriwa kwa kuku anayekunywa kawaida. Mgonjwa aliyekunywa mililita 80 badala ya 240 amepata theluthi moja ya dozi, kiasi kisichomponya lakini kinachotosha kuwafundisha bakteria. Wenzake wazima ndio waliomeza dozi kamili. Mgonjwa mmoja apewe dawa yake kwa mdomo au sindano, kwa uzito uliopimwa, kwa siku zote alizoandikiwa. Hesabu siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama kuanzia dozi ya mwisho, si ya kwanza. Kuna dawa zisizo na muda wa kusubiri uliowekwa kwa watagaji kwa sababu hazikukusudiwa kwao hata kidogo; nyingi za salfa ziko huko. Marekani iliondoa kibali cha antibayotiki ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa hofu ya usugu kwa vijidudu vinavyowapata watu, ilhali kwingineko bado inauzwa kama pipi. Dawa kupatikana dukani si ruhusa ya kuitumia.

Kuku kijana, wa miezi miwili hadi mitano, aliyelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, humfanya kila mtu aseme Mareksi, ugonjwa ulioelezwa na József Marek wa Hungaria mwaka 1907. Mara nyingi ni kweli, na hauna tiba. Chanjo yake hutolewa kifaranga kinapoanguliwa. Lakini kabla ya hukumu tazama mengine. Kifaranga chenye vidole vilivyokunjika ndani amekosa vitamini B2, na hurudi ndani ya siku chache akipewa mapema. Mwenye shingo iliyolegea kama kamba, baada ya kula funza au mzoga, amekula sumu ya botulizimu. Na yule wa jipu la unyayo tumeshamtaja. Kumpa vitamini B na kumhudumia siku 3 hadi 5 ni jaribio la haki. Wiki tatu za kumlisha kwa mkono kuku anayezidi kupooza ni kwa ajili yako, yeye hanufaiki.

Andika tarehe kabla hujaanza

Kabla ya tone la kwanza, andika kwenye karatasi ya sanduku: tarehe, uzito, alichokunywa, na siku ya kuamua. Kwa wengi saa 72 zinatosha. Siku hiyo usiulize moyo wako, soma karatasi. Uzito umesimama au umepanda, anakunywa mwenyewe, anaamka ukifungua? Endelea. Uzito unashuka, anahema kwa mdomo akiwa ametulia, hainui shingo, au amekaa kwenye kinyesi chake bila kujali? Mmalize leo, si wikendi.

Ikiwa unashuku ugonjwa wa kuambukiza, usimwage damu. Njia ya kuvunja shingo inafaa kwa kuku wasiozidi kilo 3: shika miguu kwa mkono mmoja kwenye usawa wa kiuno, kichwa kikae kati ya kidole cha shahada na cha kati vya mkono mwingine, nyuma ya fuvu, kidole gumba chini ya kidevu, vuta chini kwa nguvu moja thabiti huku ukikunja kichwa kurudi nyuma, mpaka usikie pengo kati ya fuvu na shingo. Atapigapiga mabawa kwa dakika moja au zaidi. Ni misuli, si uhai. Thibitisha kwa kugusa jicho: halipepesi, na hakuna pumzi. Ambaye hajawahi kufanya aonyeshwe kwanza kwa kuku aliyekwisha kufa. Nyama ya mgonjwa au ya aliyekufa mwenyewe usile.

Mzoga una kazi moja iliyobaki. Uchunguzi wa maabara wa kuku mmoja aliyekufa hukuambia kuhusu walio hai mambo ambayo dawa tano za kubahatisha hazitakuambia. Ulowanishe kwa maji ya sabuni upoe haraka, uweke ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwenye barafu au friji isiyo ya chakula, na uupeleke ndani ya saa 24. Usiugandishe, kwani barafu ikiyeyuka tishu huwa zimeharibika. Kama hupeleki, chimba shimo la angalau nusu mita, mita moja ni bora, mbali na kisima, au uchome kabisa.

Aliyepona arudi taratibu. Kuku aliyetengwa wiki mbili ni mgeni, na cheo chake kimeshachukuliwa. Mweke nyuma ya wavu siku tatu au nne waonane bila kugusana, kisha mwingize jioni kwenye fito wakati wa kulala, na asubuhi uwepo na vyombo viwili vya chakula vilivyoachana, ili anayefukuzwa kwenye kimoja apate pa kukimbilia. Akianza kutoka damu kichwani, mtoe, na umrudishe baadaye pamoja na mwenzake mpole aliyekaa naye kizimbani siku mbili.